Rifle ya kulungu Uingereza: polisi watakuuliza shamba la nani

Ukiomba leseni ya rifle huku Uingereza, usiandike "kuwinda" ukaishia hapo. Mimi niliandika hivyo. Ofisa wa silaha alipofika nyumbani akaniuliza: kulungu wa aina gani, na kwenye shamba la nani? Sikuwa na jibu, na ombi langu likalala miezi.

Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 inamtaka mwombaji awe na sababu ya msingi, na kwa rifle sababu hiyo hupimwa bunduki kwa bunduki, hata idadi ya risasi utakazotunza. Kusema unapenda kuwinda hakutoshi.

Nikamwendea mzee mmoja mwenye shamba. Alinipeleka kwenye miche ya miti aliyopanda: magome yamechunwa usawa wa goti, yananing'inia kama kamba, na mti wa ndani ungali mbichi. Hapo dume la roe, aina mojawapo ya kulungu wa huku, lilikuwa limesugua pembe. (Tunawaita kulungu kwa kukosa jina lingine, hawa huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine.) Nilipiga picha. Mzee akaandika barua: shamba liko wapi, wanyama gani wanaoharibu, na kwamba ameniruhusu kuwapiga. Akaambatanisha ramani, maana polisi hutazama pia kama risasi itaishia kwenye udongo au itavuka kuelekea njia ya watu. Kama huna shamba, barua ya mwenyeji wa uwindaji uliyemlipia siku za kuwinda nayo inaweza kukusaidia.

Kisha chagua bunduki inayolingana na mnyama. Kwa England na Wales, Sheria ya Kulungu ya 1991 inataka kipenyo kisichopungua inchi 0.240 na nguvu ya futi-pauni 1,700 risasi inapotoka mtutuni. Muntjac, aina nyingine ya kulungu, kwa udogo wake ameruhusiwa 0.220 na futi-pauni 1,000. Scotland wana viwango vyao. Niliomba rifle ya kipenyo cha .243, nikaeleza kwa nini.

Nilisoma pia kozi ya kulungu ya ngazi ya kwanza. Sheria haiilazimishi, lakini naisisitiza sana. Ofisa aliporudi kukagua kabati la chuma aliniuliza Desemba napiga roe gani. Jike, nikamjibu, dume ni kuanzia Aprili 1 hadi Oktoba 31.

Leseni ilikuja na sharti: ardhi iliyokubaliwa na polisi tu. Barua ya jirani wa yule mzee nimeshaiomba.