Lamu kuna joto, lakini mtoto mchanga husikia baridi

Mtoto aliyenifunza haya aliletwa kwa boti kutoka upande wa Faza, msimu wa kusi, saa saba mchana. Uzito wake gramu 1,400. Alikuwa amefungwa taulo ambalo pembe yake moja imelowa maji ya chumvi, na bibi yake amempakata juu ya buibui. Mimi natokwa jasho, feni inazunguka, dirisha liko wazi. Nikamshika mguu. Ulikuwa kama samaki aliyetoka kwenye barafu. Kipimajoto kikaonyesha 34.1.

Tukamtia kwenye inkubeta. Usiku stima ikapotea, jenereta ikachelewa kuwashwa, na inkubeta isiyo na stima ni sanduku la plastiki tu. Hakuifikia siku ya tatu. Sisemi ni baridi peke yake iliyomuua, maana njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake, huja na mengi. Lakini tangu siku ile kitu cha kwanza ninachomwambia muuguzi mgeni aliyepangiwa huku kwetu ni kwamba azime feni.

Watu wa pwani hatuiamini baridi. Ukimwambia mtu wa Nyeri mtoto atapata baridi, ataleta blanketi mbili kabla hujamaliza kusema. Ukimwambia bibi wa Langoni, atakuangalia kwa huruma: "Yeo kuna hari, mwanangu. Kofia ya sufu ya nini?" Na kwa mwili wake mwenyewe anasema kweli. Mtoto lakini ametoka mahali penye nyuzi 37, ametoka amelowa, na maji yanapokauka mwilini huondoka na joto. Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na ngozi yake ni pana ukiilinganisha na uzito wake. Chumba cha nyuzi 28, ambacho wewe unatafuta kivuli ndani yake, kwake yeye akiwa uchi ni baridi kabisa. Ili ajipashe moto anachoma sukari kidogo aliyo nayo na kutumia oksijeni zaidi. Sukari ikishuka analegea, hanyonyi, kisha pumzi zinaanza kukatika. Sisi tunaandika kwenye faili "amekataa kunyonya", na hakuna aliyepima joto.

Kwa hiyo pima. Joto la mtoto mchanga liwe kati ya 36.5 na 37.5, na liandikwe, hata kama wadi imejaa. Chumba cha kujifungulia kisipungue nyuzi 25, feni izimwe na dirisha lifungwe kabla mtoto hajatoka. Leso ziwe mbili. Ya kwanza ni ya kumkausha, na ikishalowa itupwe kando. Nimeona mara nyingi mno mtoto akikaushwa vizuri halafu akafungwa kwa leso ileile mbichi. Mizani itandikwe kitambaa. Kuoga kungoje saa 24, na hapa ndipo utakapopambana na bibi zetu, ambao hawataki mtoto aonekane na utando ule mweupe. Usibishane nao. Waambie utando ule ni mafuta yake aliyokuja nayo, na adhana anayosomewa sikioni haimngoji mtoto aogeshwe. Nimewaona akina baba wengi wakiadhini hali mtoto yuko kifuani kwa mamake.

Chupa za maji moto usizitumie. Nimeshafunga kidonda cha mtoto aliyeunguzwa na chupa kama hiyo, na aliyeiweka alikuwa na nia njema.

Basi stima ikipotea tufanye nini? Jibu lilipatikana Bogotá, Colombia, mwaka 1978, katika hospitali ambayo inkubeta zake hazikutosha, watoto wakilazwa wawili watatu pamoja na kuambukizana. Madaktari wakawaweka watoto kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo matunzo ya kangaruu. Kwa muda mrefu tulifundishwa kumngoja mtoto atulie kwanza ndipo aanze. Kisha ukaja utafiti wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka 2021 na kufanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukaonyesha kuwa wakianza mara tu baada ya kuzaliwa, vifo hupungua kwa robo. Sasa shirika hilo linapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku.

Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Lamu si jepesi, na sababu yake si ujinga. Mwanamke aliyezoea kujisitiri hawezi kukaa kifua wazi kwenye wadi ambayo mpishi, fundi wa stima na jamaa wa kitanda cha jirani wote wanapita. Mwaka wa kwanza niliwalaumu akina mama kwa "kukataa". Baadaye mmoja akaniambia, "Sista, hata wewe hungekaa hivi." Alinipata. Tulifunga kamba, tukatundika leso kila upande wa vitanda vinne vya pembeni, tukaweka sheria kwamba mwanamume habishi hodi huko bila kumwita muuguzi kwanza. Mtoto akae wima katikati ya matiti, amevaa nepi na kofia tu, kichwa kimegeuzwa upande, miguu imekunjwa kama chura. Leso ya kumfungia ikazwe hadi chini ya sikio, na juu yake mama avae dira lake au ajitande buibui. Kwa nje huoni kitu. Mama atavuja jasho, kwa hiyo apewe maji mengi, na feni ikiwashwa isielekee kitandani.

Mama akiwa amepasuliwa, bibi au khalati anaweza kushika zamu. Baba pia. Mvuvi mmoja wa Shela alikaa na mwanawe kifuani saa sita mfululizo na hakutaka kumrudisha.

Tuje kwenye pumzi. Mtoto asiyelia akaushwe, asuguliwe mgongo, na kama bado hapumui, apuliziwe kwa ambu, ule mfuko wa kubinya wenye barakoa unaosukuma hewa mapafuni, ndani ya dakika moja. Usimning'inize miguu juu, usimpige makofi, wala usikimbilie mtungi wa oksijeni kwanza, kwa maana aliyetimiza miezi yake hewa ya chumbani humtosha kuanzia. Tazama kifua. Kisipoinuka, barakoa haijakaa vizuri au shingo imepinda. Haya wauguzi wengi wanayajua. Kinachotuangusha ni mahali ambu ilipo. Katika hospitali moja niliyofanya kazi ilifungiwa kabatini kwa sababu ni kifaa cha thamani, na ufunguo alikuwa nao msimamizi, naye ameshakwenda kwake. Tundika ambu ukutani, juu ya meza ya mtoto, pamoja na barakoa zote mbili, ya njiti na ya aliyetimia. Kila zamu ikianza, ziba barakoa kwa kiganja ubinye. Ukisikia hewa inavuja mahali, itengenezwe siku hiyo hiyo.

Kuhusu maziwa nitasema machache. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, isimwagwe hata tone, na asiyeweza kunyonya akamuliwe na alishwe kwa kikombe au mpira wa kulishia. Asali asipewe kabisa. Tende ya tahniki, ile anayopakwa mtoto mchanga mdomoni kwa desturi, kwa njiti ingoje daktari aseme.

Rufaa ndiyo inayoninyima usingizi. Kutoka hapa hadi Mombasa ni boti mpaka Mokowe, kisha zaidi ya kilomita 300 za barabara. Usimsafirishe mtoto aliye baridi, mpashe moto kwanza. Mfunge kifuani kwa mama au jamaa kabla ya kushuka gatini, si ndani ya boti. Juu yake funika kitu kisichopitisha maji. Wakae nyuma karibu na nahodha, wapeane mgongo na upepo, na mwambie nahodha waziwazi kwamba amebeba mtoto mchanga ili asishindane na mawimbi. Wengi hawaambiwi. Mpe muuguzi anayesindikiza ambu na kipimajoto mkononi, visiwe ndani ya begi.

Kuna wakati mfadhili mmoja alituuliza tunahitaji mashine gani. Tulikuwa na mashine mbili za misaada zilizolala stoo kwa kukosa vipuri, kwa hiyo tukaomba viti sita vya kuegemea, maana mama hawezi kulala na mtoto kifuani juu ya benchi. Aliuliza mara mbili kama hatukukosea kuandika. Vilitengenezwa na fundi wa hapa hapa mjini, naye, Mlamu halisi, akataka kuvitia nakshi kama za milango. Ilibidi nimsihi aache mbao laini tupu, kwa sababu nakshi hukamata uchafu na sisi tunavipangusa kwa dawa kila asubuhi. Alikubali, ila chini ya kiti kimoja, mahali ambapo kitambaa hakifiki, alichonga ua dogo.