Mwalimu wa YouTube anaishi chini ya jua lingine

Kila mwaka ofisini kwetu, ofisi ya kupiga video na filamu fupi, wanakuja vijana wawili watatu wa fildi, wengine wametoka chuo, wengine wametoka kushika kamera kwenye sendoff za mtaani, na swali la kwanza huwa ni lile lile, braza mnatumia kamera gani hapa? Siku hizi sijibu. Namwambia kaa, leo Ijumaa, saa 12 jioni tunafunga kazi tunawasha projekta tunaangalia muvi, ikiisha niulize tena. Sisi ni watu 5 tu, ofisi ni vyumba viwili hapa Dar, kimoja cha kuediti na kingine ndo stoo, ndo jikoni, ndo ukumbi wa sinema. Naandika haya maana nimechoka kurudia maneno yale yale kila Januari mpaka sauti inakauka.

Mengi mnayokuja nayo mmejifunza YouTube, na sio vibaya, hata mimi nimesomea huko. Ila mwalimu wako anashuti chini ya jua lingine, anatumia umeme mwingine, na nyumba yake ina kuta nene hata gari halisikiki. Hakudanganyi, anakwambia kinachofanya kazi kwake.

Anza na umeme. Umeangalia video 40, zinakwambia piga fremu 24, yaani picha 24 kwa sekunde, au ukitaka muonekano wa TV piga 30 na shata, ule muda kila picha inapokea mwanga, weka 1/60 ya sekunde. Huyo jamaa yuko Marekani, umeme wao ni hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, wetu ni 50. Zile tyubu na balbu za LED za bei rahisi zilizojaa kwenye kumbi zetu zinawaka na kufifia mara mbili kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona, na ukiweka 1/60 unapata mistari myeusi inapanda taratibu kwenye picha. Mimi somo hili nililipia ada kwenye sendoff moja miaka hiyo, kamera imetoka dukani iko NTSC, ule mfumo wa video wa Marekani, sikujua hata NTSC ni nini, nikarekodi masaa matatu na kwenye kile kioo kidogo sikuona shida yoyote, kufika nyumbani kwenye laptopu naona mistari inatembea juu ya mgeni rasmi kama geti la duka linashushwa. Mama wa binti nilimweleza habari za umeme akaniangalia tu. Hela ya mwisho sikulipwa na wala sikudai. Kwahiyo kamera yoyote ikiingia mlango huu, iwe yetu iwe ya kukodi, kitu cha kwanza ni menyu, weka PAL, mfumo wa umeme kama wetu, fremu 25, shata 1/50. Ukitaka shata ya haraka ndani ya nyumba nenda 1/100. Bado kuna balbu zingine mbovu zitakusumbua hata hapo, hizo zima, fungua dirisha.

Jua nalo. Wenzetu wa Ulaya jua lao linashuka kwa mshazari, ule mwanga wa dhahabu wanaoutangaza unakaa kaa, mtu anabadilisha lenzi, anakunywa chai, anarudi bado upo. Letu linadondoka kama nazi. Hapa Dar mwanga ukishakuwa mzuri una dakika 20 hivi za maana, zikiisha zimeisha, na kama muigizaji bado anafungwa kilemba hiyo sini utaipiga kesho. Ndo maana mazoezi tunafanya kwenye lile jua baya la mchana, kamera iko kwenye tripodi tayari, alama za kusimama tumeweka kwa vizibo vya soda, tunasubiri tu. Na kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 9 mchana jua liko utosini, paji la uso linang'aa, macho yanakuwa mashimo mawili, mrembo anaonekana kama ana deni. Dawa yake wala sio taa ya milioni. Peleka watu barazani, ukuta wa mbele yao uwe mweupe au tandika shuka jeupe chini kwenye jua lirudishe mwanga usoni. Vijana wengi wanakimbilia chini ya mwembe, sawa kivuli kipo, lakini majani yanapitisha kijani na ngozi inakuwa kama ya mgonjwa, usogeze mtu mpaka ukingoni mwa kivuli anakoona anga.

Hapo ndo tunaangalia Moonlight ya Barry Jenkins, 2016. Watengeneza filamu huko nyuma walizoea kupaka poda kila uso using'ae, Jenkins na wenzake wakafanya kinyume, waliacha ngozi nyeusi ing'ae, mafuta badala ya poda, na ule mng'ao ndo unaochora umbo la sura. Sisi poda bado tunayo kwenye mkoba wa mekapu lakini siku hizi inachacha. Kosa la kamera nyingi zikiwa oto, yaani zinajipangia mwanga zenyewe, ni kwamba mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe kamera inapima ukuta, sura inazama, au kinyume chake mtu anapandisha mwanga mpaka dirisha linaungua linabaki jeupe tupu ili sura ionekane. Yote mawili hapana. Ongeza mwanga kwenye sura, uwe mpana na mlaini kutoka pembeni, afu pima sura yenyewe.

Na Vuta N'Kuvute, ile ya Amil Shivji ya 2021 iliyofika tamasha la Toronto, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Mliosoma riwaya mtataka kubishana wahusika wake Denge na Yasmin wamefanywaje, bishaneni baadae. Zoezi letu ni kuangalia dakika 10 bila sauti na daftari mkononi, kila picha chora mwanga umetokea wapi, dirisha, mlango, taa, ua. Kijana wa mwaka juzi alichora kurasa 6, kesho yake alituomba tuzime taa zote tulizofunga kwenye intavyuu tuache mlango mmoja wazi. Alikuwa sahihi, tulikuwa tumewasha taa kwa sababu tunazo.

Sasa zile muvi za bei rahisi ambazo kila mtu anazitaja. El Mariachi ya Robert Rodriguez, 1992, karibu dola 7,000, sehemu ya hela aliipata kwa kujitolea kufanyiwa majaribio ya dawa. Watu wanaishia kwenye hiyo hadithi. Mimi nataka uone kwamba kamera yake ilikuwa na kelele, haikuweza kurekodi sauti pamoja na picha, basi anapiga sini, afu anazima kamera anamwambia muigizaji rudia maneno anayarekodi kwenye kinasa, akirudi kuediti pale midomo inapoachana na maneno anakata anaweka picha ya kitu kingine. Sini nyingi alipiga mara moja tu. Kwenye kuediti ile mikato ya haraka unayoisifia ni mtu anaficha viraka. Ukijua hivyo unaacha kuiga mikato unaanza kupanga viraka vyako mapema, yaani kila sini chukua pia picha ya mikono, ya sufuria, ya mtoto anayesikiliza.

Tangerine ya Sean Baker, 2015, ilipigwa na simu, iPhone 5S tatu. Kila mwaka ananiambia mtu, braza si wametumia simu tu? Walitumia simu kwa picha. Simu zenyewe zilivalishwa lenzi za ziada za kuvuta picha iwe pana, na sauti ilirekodiwa na maiki za kazi kabisa. Upande wa pili kuna The Creator ya 2023, Gareth Edwards, sehemu kubwa Sony FX3, kamera ya dola kama 4,000, bajeti ya muvi dola milioni 80. Hizi mbili tunazipanga Ijumaa mbili zinazofuatana makusudi. Baada ya hapo ule mjadala wa kamera gani huwa unapoa wenyewe.

Ya nyumbani ambayo sichoki ni Nairobi Half Life, 2012. Mhusika mkuu, Mwas, anauza muvi kijijini kwa kuziigiza mwenyewe mbele ya wateja, na mimi nimekulia kibanda umiza, naona kabisa yule ni nani, ni yule mtafsiri wetu aliyekuwa anaongea juu ya Wachina wanapigana na sisi tunacheka kuliko muvi yenyewe. Pale nilijifunza kitu ambacho hakuna chuo kimenifundisha, watazamaji wa benchi wanavumilia picha chafu, mistari, rangi imekufa, ila sauti ikikatika wanadai mia mbili yao.

Kwahiyo sauti. Nyumba zetu zinaongea. Feni, jenereta la jirani, bodaboda, mvua kwenye bati, na kunguru wa Dar ambao nadhani wanalipwa. Tukifika lokesheni kabla ya kufungua begi tunakaa kimya dakika 2 tumefumba macho, mgeni ataje kila anachosikia. Friji zima, na funguo za gari weka ndani ya friji, hutaondoka bila kuliwasha, maana kuna siku tuliondoka na samaki wa mama wa watu wakaharibika, tukalipa. Ratiba iangalie adhana, usimkatishe mtu katikati ya kilio. Kwa mama aliyevaa ushungi usimchomeke kile kimaiki kifuani chini ya kitambaa, kinasuguana mpaka unasikia kama mtu anakaanga, kibandike na plasta kwa ndani ukingoni, kitambaa na maiki viwe kitu kimoja visicheze. Kanga mpya yenye wanga ndo mbaya zaidi, mwambie aje na iliyofuliwa.

Haya, stoo. Kamera ya kwanza tulinunua yuzdi, Canon 600D na lenzi ya milimita 50 f/1.8, ile ya plastiki. Kamera ile ikifika faili la giga 4 inaacha kurekodi, kama dakika 12 hivi, nilijua hilo mchungaji akiwa katikati ya baraka. Lenzi bado tunaitumia mpaka leo, kamera amepewa kijana wa pili wa fildi ajifunzie na usiidharau. Kazi za kila siku tunapiga na Sony A7 III maana betri yake inakaa na inaona gizani. Kazi zenye rangi, matangazo na filamu fupi, ni Blackmagic Pocket 4K. Picha yake naipenda kuliko zote, kamera yenyewe ni mtoto wa kudeka, betri zake ndogo zinaisha ndani ya saa moja, haipendi vumbi, na hata ukibana faili zake kwa 12:1, yaani mara 12, inakula giga 100 hivi kwa saa. Siku ya umeme kukatika tangu asubuhi Pocket inabaki kabatini, inaenda Sony. FX3 tunakodi. Gimbo, kile kishikio cha kutuliza kamera ukitembea, tunayo, imekaa juu ya kabati, kila mgeni anaishusha wiki ya kwanza na kuirudisha wiki ya tatu.

Kanuni ya kununua ni moja, kitu kikikodiwa mara 3 kwa kazi 3 tofauti ndani ya mwezi, tunakaa kikao. Droni haijafika huko, na vibali vyake navyo ni safari.

Kuna adui mmoja YouTube hawamtaji kwa sababu kwao hayupo, unyevu wa pwani. Lenzi ikikaa begini miezi miwili bila kutumika inaota ukungu kwa ndani, nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, na ukishakula ile rangi ya juu ya kioo hata ukisafishwa alama inabaki. Tumezika lenzi moja hivyo. Siku hizi zinalala kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko wa kubana, vifuko vya silika geli vya kunyonya unyevu ndani na kile kipimo kidogo cha unyevu, tunataka kisome kati ya asilimia 40 na 50. Mchele achana nao, unaleta vumbi na wadudu. Na ukitoka kwenye gari lenye eisii usifungue begi saa hiyo hiyo, lenzi italoa jasho na ukifuta litarudi. Acha begi limefungwa nusu saa lipate joto, kanywe maji ya madafu.

Kukopi faili ni mara mbili kabla hujalala, diski moja ofisini nyingine anaondoka nayo mtu mwingine, sio wewe. Nabwana, mtengeneza muvi wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa hela isiyofika dola 200, dunia nzima imeiona, lakini kompyuta yake haikuwa na nafasi, ikabidi afute ya mwanzo apate pa kuweka kazi inayofuata, iliyobaki ni kopi. Tukimaliza kuicheka hiyo muvi, na mtacheka, huwa naonyesha lile rafu la diski.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi anachagua mgeni. Lete muvi yoyote, hata ya Kihindi ya masaa matatu, ila uje umeshaiona mara mbili na utuonyeshe picha moja tunayoweza kuipiga Jumamosi na vitu vilivyopo humu stoo. Viti vipo 4, wa tano anakalia begi la taa.