Nguvu za mama yako asiyekula nyama

Mwanangu mpenzi,

Swali lako la Jumapili halijanitoka kichwani: "Mama, kwa umri huo, bila nyama, nguvu utazitoa wapi?" Salio lilikatika kabla sijakujibu. Acha nikuandikie.

Nyama niliiacha miaka kumi na miwili iliyopita. Kanisani habari za chakula tumefundishwa tangu Wasabato walipofika Giti, huku kwetu Same, mwaka 1903, lakini mimi kilichonisukuma ni presha. Sijutii. Presha imetulia, na tumbo halinisumbui tena.

Ila kuna jambo sikukwambia. Mwaka juzi miguu ilianza kufa ganzi. Siku moja natoka shambani, ndala ya kushoto ikanivuka njiani na mimi sina habari. Nilifika kwa jirani mguu mtupu, na ni mjukuu wangu aliyeniambia, "Bibi, ndala yako iko wapi?" Nilikwenda zahanati, nikapimwa damu, nikaambiwa damu ipo, ni uzee tu. Nikarudi nyumbani nikalia.

Daktari wa pili ndiye aliyeuliza ninakula nini. Nyama hakuna, samaki hakuna, mayai siyapendi, maziwa niliyaacha. Akasema ninakosa vitamini B12, inayolinda mishipa ya fahamu. Mimea haina hiyo. Ini huiweka akiba ya miaka, ndiyo maana unajiona mzima, kumbe ghala linakwisha. Na mboga za majani ninazokula kwa wingi zina foleti, vitamini nyingine inayoweza kuifanya damu ionekane nzuri huku mishipa ya fahamu inaumia. Tena sisi wazee, hata walaji wa nyama, tindikali ya tumbo ikipungua tunaipata B12 ya chakula kwa shida. Nilichomwa sindano, sasa nameza vidonge. Ganzi imepungua sana, ingawa vidole viwili bado vizito.

Kwa hiyo, mwanangu, usiniombe nirudi kwenye nyama. Niombe nisikose vidonge.

Protini ninayo. Jana nililoweka maharage usiku kucha, asubuhi nikamwaga yale maji, nikayainjika pamoja na mahindi yaliyokobolewa. Makande yetu yalichemka mpaka saa sita, nikamalizia na karanga za kutwanga. Mahindi na maharage vinakamilishana. Lakini mzee anahitaji protini zaidi ya kijana: wataalamu wengi wanashauri gramu 1 hadi 1.2 kwa siku kwa kila kilo ya mwili. Mimi nina kilo 60, yaani nahitaji gramu 60 hadi 72, na kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15. Ndiyo sababu siku hizi kila mlo una jamii ya kunde, iwe choroko, kunde au mbaazi. Na kila asubuhi nakaa na kuinuka kwenye kigoda mara kumi, maana misuli isiyofanya kazi hailishiki.

Chai nimeisogeza mbali na chakula, kwa kuwa inazuia madini ya chuma. Mchicha naukamulia ndimu, ili chuma chake kiingie mwilini vizuri.

Ukija Desemba niletee vidonge vya B12, hapa Same dawa wakati mwingine huisha. Na wewe unayetumia metformini ya sukari, muulize daktari wako akupime B12. Dawa hiyo nayo huipunguza.

Msalimie mkwe wangu na wajukuu.

Mama yako