Kabla hujanunua nota za bendi kubwa za jazz

Siku yangu ya kwanza katika bendi kubwa, hapa Minnesota, nilipiga tarumbeta nikifuata kopi niliyopewa, yaani karatasi ya nota za chombo changu, nota kwa nota na bado nilikuwa juu ya wenzangu kwa toni nzima. Mpiga tarumbeta ya kwanza, mzee wa miaka sabini na kitu, alinigeukia taratibu akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kanisani, Kilimanjaro.

Jibu lilikuwa hapohapo. Sisi tuliokulia kwenye matarumbeta ya KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, tulifundishwa kwa desturi iliyoletwa na wamisionari wa Kijerumani: nota inaandikwa kama inavyosikika. Ukiona C ile ya chini, yenye kamstari kake peke yake, unabonyeza kitufe cha kwanza na cha tatu, na inatoka C ya piano. Kwenye jazz sivyo. Kopi ya tarumbeta ya B-flati huandikwa toni nzima juu ya inavyosikika, kwa hiyo C ileile unaipiga bila kubonyeza kitu, na kwenye piano ni B-flati. Kama umetoka kanisani kama mimi, usijaribu kupiga hesabu hiyo kichwani huku bendi inakimbia. Tafuta kitabu cha tarumbeta cha wanaoanza, ukae nacho kila jioni kama mtoto wa shule. Mimi ilinichukua miezi miwili vidole vikubaliane na macho.

Naanza na hilo kwa sababu wanaoniandikia siku hizi wengi ni wapiga tarumbeta na tromboni wa makanisani waliohamia huku, wakajiunga na bendi za mtaa. Wameona kwamba mipangilio ya zamani, yaani jinsi wimbo ulivyogawiwa kila chombo, ya viongozi wa bendi za jazz za Marekani kama Duke Ellington, Count Basie na Benny Goodman inazidi kuchapishwa upya, imeandikwa vizuri, na inauzwa mtandaoni. Wanauliza wanunue ipi.

Swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hili: nota hizi zimetoka wapi? Jina kubwa kwenye jalada halikuambii. Niliwahi kushawishi bendi yetu inunue seti ya dola 60 ya wimbo wa Ellington wa mwaka 1941. Tangazo lilisema ni mpangilio wa asili. Seti ilipofika nilihesabu kopi nne za tarumbeta na nne za tromboni, nikafurahi kwamba kila mtu wetu ana yake. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Bendi ya Ellington ya mwaka 1941 ilikuwa na tarumbeta tatu, tromboni tatu, saksafoni na klarineti watu watano, halafu piano, gita, besi na dramu. Watu kumi na watano. Tulichouziwa kilikuwa kimepangwa upya kwa ajili ya wanafunzi: nota za juu zimeshushwa, solo imerahisishwa, na saksafoni ya baritoni imepewa nota ya msingi ya kila kodi, yaani kila kundi la nota zinazolia pamoja. Hilo la mwisho liliniuma kuliko yote. Ellington alikuwa na Harry Carney kwenye baritoni, na mara nyingi alimpa nota ambayo mpangaji mwingine asingethubutu kuiweka chini kabisa. Ule uzito mweusi unaousikia kwenye saksafoni zake, sehemu kubwa unatoka hapo. Ukiondoa nota hiyo, wimbo unabaki na jina lake tu.

Mipangilio iliyorahisishwa si dhambi, ina kazi yake mashuleni. Lakini ujue unanunua nini. Soma maelezo ya mchapishaji. Toleo linaloaminika litakuambia kama limetokana na kopi zenyewe walizopigia wanamuziki, au kama mtu amekaa na santuri akaandika kila sauti anayoisikia, au vyote viwili. Kwa Ellington mara nyingi ni vyote viwili, kwa sababu alikuwa akibadilisha mambo kwa mdomo wakati wa mazoezi na karatasi ikabaki na ya zamani. Nyaraka zake zilikwenda katika jumba la makumbusho la Smithsonian mwaka 1988, na ndizo watafiti wanazochimba hadi leo. Taasisi ya Jazz at Lincoln Center ya New York nao wana mpango ulioanza mwaka 1995 wa kusambaza nota za Ellington bure kwa shule za sekondari zinazojiunga. Kama mwanao anapiga chombo shuleni, muulize mwalimu wake wa muziki kama wamejiunga.

Tafuta pia jina la aliyepanga, maana kiongozi wa bendi na mpangaji mara nyingi ni watu wawili. Nyimbo nyingi zilizompa Benny Goodman umaarufu zilipangwa na Fletcher Henderson, mtu mweusi aliyekuwa na bendi yake mwenyewe kabla ya Goodman kuanza kununua kazi zake mwaka 1934. Bendi ya Andy Kirk ya Kansas City ilikuwa na Mary Lou Williams, mpiga piano, na mipangilio yake ndiyo iliyoitofautisha na nyingine. Jina la mpangaji likikosekana kwenye jalada, mimi sinunui.

Sasa kopi iko mbele yako. Nota ndogo za nusu pigo utaziona zimeandikwa sawasawa, mbili mbili, kama kwenye tenzi. Usizipige hivyo. Ya kwanza ni ndefu, ya pili ni fupi na inasukuma inayofuata: daa-ba daa-ba. Na wimbo ukizidi kasi, tofauti hiyo inapungua. Hakuna mchapishaji anayeweza kukuandikia kiasi chake, lazima masikio yafanye kazi. Na hapa sisi tuna mtaji. Wapiga saksafoni wengi wa dansi, enzi za Morogoro Jazz na Western Jazz, walijifunza kwa kusikiliza wimbo hadi ukawaingia. Fanya vilevile. Weka rekodi ya asili kwenye simu, ipunguze kasi hadi asilimia 70, uimbe kopi yako kwa mdomo kabla hujagusa chombo. Kama una sauti ya tatu kama mimi, wimbo wenyewe huna, una nota za ajabu za katikati ambazo peke yake hazina ladha. Ukiimba pamoja na rekodi unaanza kusikia zinamfanyia nani kazi.

Utakutana na alama mbili juu ya nota: msalaba mdogo na duara dogo. Zinahusu kizibo cha mpira, kile kikombe cha kuzibulia sinki kikiwa kimetolewa mpini. Msalaba maana yake ziba mdomo wa tarumbeta, duara maana yake achia. Vifanye haraka mfululizo, tarumbeta inaanza kusema, waa-waa. Wapiga tarumbeta Bubber Miley na Cootie Williams, na mpiga tromboni Tricky Sam Nanton, waliufanya ufundi huu kuwa sauti ya Ellington. Nunua kipya dukani, kidogo, na ufanye mazoezi mbele ya kioo ili uone mkono wako unafungua kiasi gani.

Neno kwa wapiga gita. Tuna ndugu mmoja kutoka Bukavu kwenye bendi yetu, vidole vyake ni vya sebene, lile gita la mbio la dansi ya Kikongo. Alipoona kopi ya wimbo wa Basie, ina majina ya kodi tu na mistari minne kila kipimo, aliniuliza, "Kaka, sasa mimi nitapiga nini?" Tukamwekea rekodi ya mpiga gita Freddie Green, aliyekaa na bendi ya Basie kuanzia mwaka 1937 hadi yeye mwenyewe alipofariki mwaka 1987, akipiga mapigo manne kila kipimo kwenye gita lisilo na umeme. Nota mbili au tatu kwa kodi, basi. Alisikiliza mara tatu bila kusema kitu. Wiki iliyofuata alizima kipaza sauti chake na bendi nzima ikatulia juu yake.

Jambo moja la mwisho ninalolifanya kwa kila seti mpya. Kwenye kopi za bendi ya Ellington hakukuwa na "tarumbeta ya pili" au "alto ya kwanza". Kulikuwa na jina la mtu, au jina lake la utani. Mpiga saksafoni ya alto Johnny Hodges, aliyeitwa Rabbit, aliandikiwa "Rab". Nota ziliandikwa kwa ajili ya pumzi ya mtu fulani. Matoleo mapya yanaweka namba, na yana sababu. Mimi nasikiliza rekodi, natafuta nani alipiga sauti yangu, kisha naandika jina lake kwa penseli pale juu kushoto. Kwenye kopi iliyo mezani sasa hivi, sauti ya Ray Nance, mpiga tarumbeta wa Ellington, nimeandika "Nance".