Kabla ya Kupiga Kelele, Tazama Upepo

Huku Nyanda za Juu Kusini bahari ni habari ya mbali, na ukisema unafuatilia mbio za katamarani, boti za matumbo mawili, zinazopaa juu ya maji, watu hukuuliza mara mbili. Lakini wapenzi wa mchezo huu tupo, Mbeya na Iringa, na tumeongezeka tangu SailGP, mashindano ya kimataifa ya katamarani hizo, ilipoanza kule Sydney mwaka 2019. Wengine tunakutana sebuleni kwa mwenye intaneti ya uhakika, wengine wanafuatilia kwa simu na kuandika kwenye kundi letu. Ninachotaka kuwashauri wageni, na hata baadhi ya wenyeji, ni kimoja: tusishangilie mbio hizi kama tunavyoshangilia mpira. Kwenye mpira jicho linafuata mpira. Hapa boti iliyo mbele kwenye picha inaweza kuwa ndiyo inayoshindwa, na anayepiga kelele mapema anawanyima wenzake mbio.

Elewa kwanza boti yenyewe. F50, zinazotumika SailGP, zina urefu wa mita 15. Chini zina foili, mabawa madogo yanayokata maji na kuinua boti nzima hewani. Juu, badala ya tanga la kitambaa, kuna bawa gumu. Zikishapaa, zinakwenda kasi kuliko upepo unaozisukuma, na zaidi ya kilomita 90 kwa saa si ajabu kwao. Upepo ukilegea, au wakigeuza boti vibaya, matumbo yanagusa maji na kasi inakatika papo hapo. Kwa hiyo wakati wa kugeuza usitazame nani yuko wapi. Tazama nani amebaki hewani. Boti iliyogeuka bila kugusa maji imeshapata faida, ingawa picha haijakuonyesha bado.

Halafu kuna ile mistari inayochorwa kwenye skrini. Teknolojia hiyo, LiveLine, iliongozwa na Stan Honey kwa ajili ya America's Cup, kombe maarufu la mbio za boti za tanga, na bila hiyo wengi wetu tusingeelewa chochote. Boti haiwezi kwenda moja kwa moja kuelekea upepo unakotoka. Inakwenda mshazari, inageuka, inarudi mshazari tena. Moja ikienda kushoto na nyingine kulia, jicho tupu haliwezi kusema nani anaongoza. Mistari iliyokatiza upepo ndiyo inayosema: aliyeuvuka mstari wa juu zaidi, yaani ulio karibu zaidi na upepo unakotoka, ndiye yuko mbele. Mweleze hivyo anayekaa karibu nawe kwa mara ya kwanza, tena kabla ya mbio, maana zikianza hatakusikia.

Aliyenifundisha zaidi ni mzee mmoja wa Matema, mvuvi wa Ziwa Nyasa, aliyekuwa amekuja Mbeya kwa mwanawe. Mambo ya foili hakuwa na habari nayo. Alikaa kimya, akawa anatazama maji tu, na kila mara alisema, "Pale peusi, mwanangu, upepo unakuja pale." Na kweli, boti iliyofika penye weusi ilipaa, ya pili ikabaki imekaa. Vijana waliokuwa wakibishana kuhusu manahodha walinyamaza, wakaanza kumuuliza yeye. Kamera ya helikopta inaonyesha maji vizuri sana, kwa hiyo tumia nafasi hiyo.

Anayetaka kujifunza subira namwelekeza kwenye marudio ya America's Cup ya San Francisco ya mwaka 2013. New Zealand walikuwa wanaongoza 8 kwa 1 dhidi ya Oracle ya Marekani, wakihitaji ushindi mmoja tu. Tarehe 20 Septemba, kwenye mbio ya 13, walikuwa mbele sana, upepo ukawa dhaifu, na muda wa dakika 40 uliowekwa na kanuni ukaisha kabla hawajafika mwisho. Mbio ikafutwa. Iliporudiwa siku hiyohiyo, Oracle wakashinda, wakaendelea kushinda, hadi tarehe 25 wakachukua kombe kwa 9 kwa 8. Nimetazama na watu wasiojua matokeo, na kila mara yupo anayesema, "Kaka, zima, hawa wameshamaliza." Mwambie akae.

Suala la ajali nalipa uzito wa pekee, kwa sababu hapo ndipo shangwe zetu zinaniumiza. Boti ikipinduka, wapo wanaoruka kwa furaha kwa vile ni mpinzani. Mwaka huohuo wa 2013, kabla ya mashindano, Andrew Simpson, Mwingereza aliyewahi kupata dhahabu ya Olimpiki, alifariki boti ya timu ya Artemis ilipopinduka mazoezini. Mwaka 2017, kwenye America's Cup kule Bermuda, New Zealand walichomeka pua ya boti majini na boti ikasimama wima, baadhi ya mabaharia wakaanguka. Walirudi salama, wakaikarabati, wakachukua kombe kwa 7 kwa 1. Lakini dakika ile hakuna aliyejua. Subiri hadi ithibitishwe kwamba watu wote wako salama, kisha utani uendelee.

Waamuzi pia tuwape nafasi. Boti mbili zikikutana, yenye upepo upande wake wa kulia ndiyo yenye haki ya njia. Ukishajua hilo tu, nusu ya ugomvi unaisha.

Mwisho ni saa na simu. Mbio za San Francisco zikianza saa saba mchana wa kwao wakati wa kiangazi, hapa ni saa tano usiku. Wenye kazi asubuhi watatazama marudio kesho yake, kwa hiyo usiandike matokeo kwenye kundi wala usiweke picha ya mshindi. Andika "nimeona" na inatosha. Hata wanaotazama moja kwa moja hawaoni kwa wakati mmoja, kwa sababu simu ya mmoja hutangulia ya mwingine kwa sekunde nyingi. Mkiwa sebule moja tumieni skrini moja, na wa simu avae visikilizio.