Ukitaka Kununua Mashua Kuukuu ya Chuma, Anzia Ngamani

Mtu anayetafuta mashua ya matanga ya chuma, iliyokwisha kutumika na inayofaa bahari kuu, kwa kawaida huizunguka kwanza akitazama rangi, mlingoti na matanga. Mimi namshauri aingie ndani, afunue mbao za sakafu na kushuka ngamani, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, na kurunzi, kwa sababu kutu inayoua chombo cha chuma mara nyingi huanzia ndani. Nje hupakwa rangi upya kila kinapopandishwa nchi kavu, ilhali nyuma ya makabati na chini ya matangi huenda hapajaguswa tangu kiundwe.

Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa maji ni kweli kabisa: yanayovuja sitahani, yanayoingia na mnyororo wa nanga, ya bafuni, hata jasho linaloshika kwenye mabamba wakati wa baridi, yote huteremkia huko. Nilipokuwa nikitafuta chombo Uholanzi, ambako mashua za chuma ni nyingi, nilianza na chumba cha mnyororo, kisha chini ya choo, kisha chini ya injini, na mara nyingi sikuhitaji kuendelea zaidi. Hata hivyo, magamba manene ya kutu yasikutishe upesi, kwani kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Kwangua, gonga kwa nyundo, kisha pima.

Kazi ya kupima mwachie mkaguzi uliyemchagua na kumlipa wewe mwenyewe, chombo kikiwa nchi kavu. Mashua ya mita 12 mara nyingi huwa na mabamba ya milimita 4 au 5 chini ya maji na 3 hivi sitahani. Kifaa chake cha mawimbi ya sauti husoma unene wa pale tu kilipowekwa, kwa hiyo sisitiza apime kwa karibu karibu kwenye mstari wa maji, kando ya mataruma (mbavu za chombo) na chini ya matangi. Muuzaji akikataa, aga uende zako.

Bamba bovu hukatwa na jipya likachomelewa. Ndiyo sifa ya chuma ninayoipenda kuliko zote. Joshua, mashua ya chuma ya baharia Mfaransa Bernard Moitessier iliyoundwa Ufaransa, ilitupwa ufukweni na dhoruba huko Cabo San Lucas, Mexico, mwaka 1982, ikatengenezwa, na sasa inatunzwa na jumba la makumbusho la bahari la La Rochelle. Lakini moto wa kuchomelea huunguza mbao na povu la kuzuia baridi, hivyo samani lazima zing'olewe kwanza, na hapo ndipo fedha nyingi huishia. Kwa sababu hiyo, mimi ningelipa zaidi kwa chombo ambacho makabati yake hufunguka kwa skrubu, na ningekiogopa chenye sitaha ya msaji iliyogandishwa juu ya chuma.

Uliza pia kilikoishi. Ziwa IJsselmeer la Uholanzi limekuwa la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, tangu bwawa la Afsluitdijk lilipokamilika mwaka 1932 na kulitenga na bahari, na vyombo vya huko hufungwa vipande vya magnesi ili viliwe na kutu badala ya chuma. Kabla ya kuingia baharini, weka vya zinki badala yake. Na kama kitaunganishwa na umeme wa gatini, hakikisha kina transfoma ya kutenganisha umeme wa chombo na ule wa nchi kavu.