Wanapima Nini Wasipouliza Sheria?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimehitimu shahada ya sheria na ninaomba nafasi ya uanagenzi katika kampuni za mawakili za London. Mara mbili nimekwama katika hatua ile ile, yaani jaribio la mtandaoni linaloeleza kisa cha ofisini na kunitaka nipange hatua nne au tano, kuanzia iliyo bora hadi iliyo mbaya. Halina swali hata moja la sheria. Rafiki zangu wanasema jaribio hilo halina maandalizi, mtu ajibu tu kama moyo wake unavyomtuma. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri huo ungefaa kama jaribio lingekuwa linapima tabia yako. Linalopimwa ni namna unavyoamua, na kipimo chake ni watu wengine. Kwa kawaida waandaaji huwapa mawakili wazoefu visa hivyo, na mpangilio ambao wengi wao wanakubaliana nao ndio unaotumika kusahihishia. Moyo unaokutuma kwa sasa bado ni wa mwanafunzi, aliyezoea kufanya kazi peke yake na kuikabidhi ikiwa imekamilika, ilhali ofisi ya mawakili haiendeshwi hivyo.

Anza kwa kusoma wajibu wa wakili. Katika England na Wales, mawakili wa aina unayotaka kuwa, yaani solicitors, husimamiwa na mamlaka iitwayo SRA (Solicitors Regulation Authority), ambayo kanuni zake za sasa zilianza kutumika Novemba 25, 2019. Misingi mikuu ni saba tu, ikiwemo uaminifu, uadilifu na kutetea maslahi ya mteja, na imeelezwa wazi kwamba misingi hiyo ikigongana, ule unaolinda maslahi mapana ya umma hutangulia maslahi ya mteja mmoja. Soma pia sehemu zinazohusu usiri, mgongano wa maslahi, na wajibu wa kumweleza mteja ukweli mambo yanapokwenda kombo. Jaribio halitakuuliza kifungu, lakini visa vingi vimesimama juu ya wajibu huo.

Chukua mfano huu. Ijumaa jioni mwanagenzi anagundua kwamba nyaraka alizoutumia upande wa pili zina ukurasa wenye siri ya mteja. Anaweza kumweleza msimamizi wake papo hapo. Kumpigia simu aliyepokea, akamwomba aufute, kisha akanyamaza. Kumwandikia mteja mwenyewe kumwomba radhi. Au kusubiri kikao cha Jumatatu. Karibu kila mwombaji ataweka kumweleza msimamizi mahali pa kwanza, kwa hiyo hapo hakuna anayemzidi mwenzake. Wanapotofautiana ni katika hatua za katikati, na kwa kuwa majaribio mengi ya kupanga hutoa sehemu ya alama kwa jibu linalokaribia lile sahihi, huko ndiko alama nyingi hupotelea. Kumwandikia mteja ni uaminifu, ila mwanagenzi amejitwalia uamuzi usio wake, kwa sababu lini na kwa maneno gani mteja ataarifiwa ni jambo la msimamizi. Kupiga simu na kunyamaza kunaweza kuziba pengo kwa muda, lakini ndani yake mna kuficha kosa. Kusubiri Jumatatu kunauacha ukurasa mikononi mwa upande wa pili siku mbili nzima. Mimi ningemtanguliza anayemwandikia mteja kuliko hao wawili, kwa kuwa alichokosea ni mipaka ya cheo chake, na uaminifu wake haukuguswa.

Lakini usije ukadhani kwamba kumkimbilia msimamizi ndiko jibu la kila kisa. Mawakili wabia wawili wanapokupa kazi mbili zinazotakiwa saa kumi na moja jioni, kwenda kuuliza tu "nifanye nini?" ni jibu hafifu. Lililo bora ni kukadiria saa ambazo kila kazi itachukua, kuwaeleza wote wawili mapema, na kupendekeza ipi itangulie ili wao waamue. Wanafunzi wengi huvutiwa na hatua ya kunyamaza na kuzikimbiza zote mbili, kwa sababu inafanana na bidii, kumbe inahatarisha kazi zote mbili bila mtu yeyote kujua.

Soma maelekezo ya kila jaribio kwa makini. Kuna linalouliza ungefanya nini, na kuna linalouliza hatua ipi inafaa zaidi. Kuna linalotaka upange hatua zote, na kuna linalotaka bora na mbaya kabisa tu. Usiongeze jambo ambalo kisa hakikulitaja, kwa mfano kudhani kwamba msimamizi ni mkali. Unapofanya mazoezi, andika sababu ya kila nafasi kwa sentensi moja kabla ya kutazama majibu, kwani bila hivyo utajidanganya kwamba ulikuwa umelijua jibu tangu mwanzo. Ama ule ukurasa wa maadili katika tovuti ya kampuni, upitie haraka tu. Kurasa hizo hufanana mno.

SWALI: Je, jaribio hili ni sawa na lile la Watson Glaser?

JIBU: Hapana. Watson Glaser hupima hoja: kama hitimisho linatokana na maelezo yaliyotolewa, dhana gani imejificha ndani ya kauli, na hoja ipi ina nguvu. Huko kila swali lina jibu moja sahihi, na ujuzi wako wa ofisi hauna nafasi. Fanyia mazoezi kila moja kwa siku yake, kwa sababu ukali wa hoja unaokusaidia huko unaweza kukufanya utafute jibu lisilo na dosari katika visa vya ofisini, ambako mara nyingine hatua zote ulizopewa zina kasoro na unatakiwa kuchagua yenye madhara machache.